Sahani za Ng'ambo kwa Sanduku la Fundi

Nianze kwa kusema kwamba mimi ni mwoga. Nasema mapema ili mtu asije akanilaumu baadaye eti nilimficha. Watu wa umri wangu wakikaa pamoja na kuanza kusimulia miaka ile ya chama kimoja, kila mmoja alikuwa simba. Huyu alimjibu chifu mbele ya watu, yule alikataa kununua kadi ya chama, mwingine aliwakazia macho askari kanzu mpaka wakaona haya wenyewe. Haya, hongereni. Mimi sikumjibu mtu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Eldoret, nina mke na mtoto wa kunyonya, na kila asubuhi gwarideni niliinua kidole kimoja pamoja na watoto, kidole cha chama, juu kabisa, mpaka bega likaniuma.

Raha yangu duniani ilikuwa moja tu, na ndiyo iliyoniponza: sahani za santuri za muziki wa hevi metal.

Usicheke. Kulikuwa na mzungu mmoja wa kujitolea aliyefundisha shuleni kwetu miaka miwili, kijana mrefu asiyejua kupika hata chai. Alipomaliza muda wake akaniachia gramafoni na sahani mbili. Siku ya kwanza nilipoziweka nilidhani sindano imeharibika. Nikazima, nikaangalia sindano, nikawasha tena. Kumbe ndivyo ulivyo huo muziki! Magitaa yananguruma, mtu anapiga mayowe kama ameng'atwa na siafu, na katikati ya ghasia yote hiyo kuna wimbo mtamu wa ajabu umejificha. Mimi, mtu ninayeogopa hata mbwa wa jirani, nikikaa mbele ya hiyo gramafoni nilijiona mwanamume kamili.

Lakini ugonjwa wangu haukuwa muziki peke yake. Ugonjwa ulikuwa ni mahali sahani ilipotengenezewa. Albamu moja, ile ile, hutengenezwa Uingereza, ikatengenezwa Ujerumani, Japani, Yugoslavia, na kila kiwanda kina mkono wake. Ya Ujerumani ngoma zake ni nzito. Ya Yugoslavia kava lake rangi zimepauka kama shati la kuanikwa juani. Ya Japani ndiyo mfalme: sahani kimya kabisa, haina mkwaruzo, na kava lake limezungushiwa ukanda wa karatasi wenye maandishi yao. Halafu pale karibu na lebo, sehemu ile tupu isiyo na muziki, kiwanda huchora herufi na nambari ndogo ndogo zinazoonyesha sahani ilitoka kwa mashine gani. Nilikuwa na daftari la watoto la mistari mraba, na humo niliandika kila sahani, nchi yake na nambari zake. Ukiwa huna kichaa hiki huwezi kuelewa, na mke wangu hakuwa nacho.

"Kwani huyu anayelia kwa hii ya Japani ni mtu mwingine?" aliniuliza siku moja, mtoto mgongoni.

"Hapana, ni yule yule."

"Na wimbo ni mwingine?"

"Ni ule ule."

"Basi Mungu akusaidie, Baba," akasema, akaenda zake jikoni.

Sahani hizo nilizipata kwa kubadilishana. Mholanzi mmoja, rafiki wa barua tu ambaye sijawahi kumwona mpaka leo, alikuwa na kichaa cha kwake. Yeye alitaka sahani za bendi hizo hizo lakini zilizotengenezwa Nairobi, kwa sababu kwao hazikuonekana kabisa. Nikimtumia moja, ananitumia moja. Na hizo za Nairobi nani alinitafutia? Fundi.

Huyu fundi alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko. Alikuwa mtu wa Mkoa wa Magharibi, mnene kiasi, mpole, mwenye kucheka kwa tumbo bila sauti. Aliishi mtaa wa Langas na mke wake. Wahindi wa mjini wakiuza vitu vyao wahame, yeye ndiye aliitwa kununua redio na gramafoni, na humo kwenye makabati ndimo sahani zangu zilimokuwa zimelala. Muziki wenyewe hakuupenda hata kidogo. Alisema ni mashine ya kusaga posho iliyoingiwa na jiwe. "Mwalimu, nimekupatia posho yako," ndivyo alivyoniambia kila akiipata moja, na tumbo linatikisika.

Sasa sikiliza vizuri kuhusu sanduku la posta, maana hapo ndipo penyewe. Shule ilikuwa na sanduku, lakini barua zote alizifungua hedimasta kwanza. Mimi sikuwa na sanduku langu. Kwa hivyo nikafanya kama watu wengi walivyofanya, nikaomba kutumia la mtu mwingine. Fundi alikuwa na sanduku la biashara yake, akaniambia tumia tu, si liko pale linakula upepo? Na kwa sababu posta hawakutoa kifurushi kama jina si la mwenye sanduku, Mholanzi aliandika juu jina la fundi. Kikaratasi cha kuitia kifurushi kikija, fundi anatia sahihi nyuma, ananipa, mimi nakwenda kuchukua. Tulifanya hivyo miaka minne bila neno.

Halafu ukaja ule mwaka wa vidole viwili.

Wenye umri wanakumbuka. Watu walianza kudai vyama vingi, na alama yao ikawa kuinua vidole viwili kuwajibu wale wa kidole kimoja. Ukiinua viwili umekwisha. Nasema kweli, watu waliacha hata kuagiza chai mbili kwa mkono hotelini. Nilimwona mtu pale stendi akimwonyesha konda kwamba wako wawili, mwenzake akamkamata mkono akaushusha haraka kama anazima moto. Na sisi ambao wazazi wetu walitoka Mkoa wa Kati kuja kulima huku, tulikuwa tunatazamwa kwa jicho la kando tayari, eti vyama vingi ni mambo ya kwetu. Kwenye chumba cha walimu mazungumzo yalikufa mimi nikiingia. Sikuwa na siasa yoyote kichwani, haki ya Mungu. Nilikuwa na nambari za sahani tu.

Jumanne moja fundi akanipa kikaratasi. Ilikuwa ile niliyoingojea karibu mwaka mzima, albamu ya bendi ikipiga jukwaani, sahani mbili, chapa ya Japani. Nikaomba ruhusa shuleni, nikasema mtoto ana kliniki, nikaenda posta mbio mbio na kicheko cha kijinga usoni.

Vifurushi vya ng'ambo vilifunguliwa mbele ya karani wa ushuru. Karani nilimjua, nilikuwa nimemfundisha binti yake. Akakata kamba, akatoa barua, akatoa kava. Lilikuwa kava la kukunjuka. Akalikunjua.

Ndani yake kulikuwa na picha moja kubwa imejaza pande zote mbili. Watu maelfu kwa maelfu uwanjani, wamepandisha mikono hewani, na kila mkono umeinua vidole viwili.

Mpenzi wa muziki huo anajua hizo ni pembe. Ni kidole cha shahada na kile cha mwisho, vya katikati vimekunjwa, ndiyo salamu yao kwenye maonyesho. Lakini kwa karani wa Eldoret mwaka ule vidole viwili ni vidole viwili. Nilimwona anavihesabu. Akalikunja kava taratibu, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Mwalimu, hii siwezi kukupa."

"Hizo ni pembe tu, mzee, ni mambo ya muziki..."

"Nasema siwezi. Mkubwa ameshaona kikifunguliwa." Akainama kama anatafuta kalamu. "Rudi Alhamisi. Na kama unaweza, usirudi."

  Nilifika nyumbani, mtaa wa West Indies, nikafunga mlango, nikafunga madirisha, mke wangu akaniuliza kuna nini nikamwambia tumbo. Na kweli tumbo lilinishika, siku mbili nilikuwa mtu wa kwenda choo na kurudi. Kila gari lililopunguza mwendo nje lilikuwa langu. Kila mtu aliyesimama kufunga kamba ya kiatu alikuwa wao. Tulikuwa tumesikia mengi kuhusu watu waliochukuliwa, vyumba vyenye maji, mwalimu fulani wa sekondari aliyerudi hawezi kushika chaki. Nilijiona mimi ndiye huyo. Nilimtazama mtoto ananyonya, nikawaza, huyu atakua akiambiwa baba yake alifungwa kwa ajili ya sahani. Nilikuwa naogopa vibaya sana, sijui niseme vipi tena.

Jumatano asubuhi nikachukua lile daftari la nambari. Fikiria askari kanzu analifungua anakuta: Ujerumani, halafu herufi na nambari kumi na mbili. Japani, herufi na nambari. Yugoslavia! Nani atamwambia hizo si siri za kuipindua serikali? Nikalichana karatasi moja moja nikazilisha jiko wakati maji ya chai yanachemka. Kazi ya miaka minne ilichemsha vikombe vitatu vya chai.

Zikabaki sahani zenyewe, thelathini na kitu. Kuzichoma sikuweza. Mke wangu akasema, "Zitupe kwa mto." Nikasema ng'o. Saa ya chakula cha mchana nikazitia kwenye gunia la mahindi, nikazifunika na magunzi juu, nikalifunga gunia kwa baiskeli, nikasukuma mpaka kwa fundi.

"Niwekee hizi siku mbili tatu," nikamwambia.

Alilifungua gunia akachungulia. Nilitaka aniulize. Nilikuwa nimetengeneza uongo mzuri njiani, kwamba nyumba inapakwa rangi. Hakuuliza. Alisogeza redio mbovu, akazipanga sahani nyuma yake vizuri, zimesimama wima kama nilivyomfundisha, maana zikilala zinajipinda.

"Mwalimu umekonda ghafla," akasema. "Malaria?"

"Malaria," nikajibu.

Alhamisi nilirudi posta. Watu huniuliza, mbona ulirudi? Kwa sababu mwoga hawezi kukaa bila kujua. Na pia nilijiambia kwamba nisiporudi ndiyo nitakuwa nimekiri. Karani aliponiona aliuinamisha uso wake. Wanaume wawili waliovaa suti za Kaunda wakainuka kwenye benchi, mmoja akanishika kiwiko kwa upole kabisa, kama mtu anayemsaidia mgonjwa.

"Mwalimu, twende tuongee kidogo."

Chumba kilikuwa na meza, viti vitatu na dirisha lililopakwa rangi. Hakuna aliyenipiga. Hili nataka lieleweke, maana ningelipenda kusema walinipiga. Hakuna aliyenigusa zaidi ya kile kiwiko. Kava lilikuwa mezani limekunjuliwa, na vidole vyake vyote maelfu vikinitazama.

Mkubwa wao alikuwa mtu wa sauti ndogo, miwani, kalamu mbili mfukoni.

"Hawa ni watu gani?"

"Ni mashabiki wa muziki, afande."

"Wanataka nini?"

"Hawataki kitu, afande. Wanafurahi."

"Wanafurahi na vidole viwili." Akaandika. "Hebu nionyeshe wewe vile wanafanya."

Nikainua mkono. Sasa jaribu mwenyewe hapo ulipo: kunja vidole vya katikati, unyooshe cha shahada na cha mwisho, bila kushikilia kwa dole gumba. Jaribu ukiwa unatetemeka. Kidole cha mwisho kiligoma kusimama. Cha katikati, mjinga yule, kikapanda chenyewe. Nikajikuta nimeketi mbele ya watu wa usalama nimewainulia alama ya vyama vingi safi kabisa, cha shahada na cha kati, kama niko kwenye mkutano wa hadhara.

Mwenzake akacheka kwa pua. Mkubwa hakucheka. Aliandika tena, mstari mrefu safari hii. Nikashusha mkono nikaukalia.

Halafu akatoa barua ya Mholanzi. Aliisoma kwa Kiingereza, polepole, akanitafsiria Kiswahili kana kwamba mimi ndiye sijui. Yule maskini alikuwa ametania, kama kawaida yake. Aliandika: Rafiki yangu, waonyeshe watu wa Eldoret picha hii wajifunze. Siku moja tutakuwa na jeshi letu huko.

"Jeshi gani?" akauliza.

Niliitazama ile picha kana kwamba jeshi limo humo. 

"Nimekuuliza kistaarabu, Mwalimu. Jeshi gani? Na huyu rafiki ni rafiki ya nani?"

Hapo ndipo nilipotazama kifurushi, karatasi yake ya kahawia, na nikaona jina lililoandikwa juu. Halikuwa langu. Barua nayo haikuwa na jina, rafiki yangu tu. Sikupanga, naapa. Lakini ulimi ulikwenda wenyewe, laini, kama mtu anayesoma ubaoni.

"Afande, si mimi. Ni ya fundi wa redio. Sanduku ni lake, jina ni lake. Mimi ni mwalimu, watu huja kwangu niwaandikie barua. Fundi hajui kuandika Kiingereza. Mimi namwandikia tu, na kumchukulia."

"Na sahani kama hizi ziko wapi?"

"Kwake. Kibandani. Nyuma ya redio mbovu."

Fundi Kiingereza alikijua. Alifika kidato cha pili na vitabu vya redio alivisoma vyote. Nilijua hivyo na nikasema hivyo. Nikaletewa karatasi niandike taarifa, na mimi na kiherehere changu nikaiandika kwa mwandiko mzuri, aya na nukta mahali pake, nikatia sahihi. Mkubwa akasoma akatikisa kichwa kuridhika. Akasema ni vizuri walimu washirikiane na serikali. Akaniambia niende nyumbani, nisiseme kwa mtu.

Saa sita mchana nilikuwa nje. Njia ya kwenda nyumbani ilipita karibu na soko. Kutoka kona ile unaona kibanda cha fundi, na nilimwona. Alikuwa ameinama juu ya redio, bisibisi mdomoni. Kulikuwa na hatua kama sitini. Ningekwenda nikamwambia kimbia, potelea mbali sahani, panda gari uende kwenu. Angepata nusu saa. Nilisimama pale nikahesabu watu waliokuwa wananitazama, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ananitazama, halafu nikageuka nikapita barabara ya nyuma. Jioni nikasikia wamemchukua pamoja na lile gunia la sahani.

Jumamosi mke wake alikuja kwangu. Alitembea kutoka Langas kwa miguu, na leso ya kichwa ilikuwa imelowa. Nilipomwona mlangoni nilidhani amekuja kunipigia mayowe na majirani wote wasikie. Nilirudi nyuma hatua mbili, nikaona hata aibu mbele ya mke wangu. Kumbe alipiga magoti.

"Mwalimu, wamemchukua na sijui yuko wapi. Nimeenda kituoni wananifukuza. Niandikie barua kwa mkubwa. Wewe ni msomi, wewe barua yako watasoma. Waambie yeye si mtu wa siasa, ni mtu wa redio."

Mke wangu alimwinua akamkalisha, akampa chai. Mimi nikaleta karatasi. Niliiandika ile barua, jameni. Nilikaa na mwanamke yule upande mmoja wa meza nikamwombea mume wake kwa mtu yule yule niliyemwuzia. Kila nikimaliza sentensi alitaka nimsomee, na kila nikimsomea alisema, "Ndiyo, ndiyo, ongeza hapo." Niliandika kwamba ni mtu mwaminifu, mcha Mungu, asiye na hatia yoyote. Yote yalikuwa kweli. Alichukua barua na kopi niliyomnakilia kwa mikono miwili akazitia kifuani. Nilimfungia mlango.

Mke wangu hakuniuliza kitu. Alikuwa amejua. Wiki nzima alinipikia na kuniwekea chakula bila kuniita.

Wiki tatu alikaa ndani. Ningependa kusema niliomba atoke. Niliomba, ndiyo. Lakini nikisema ukweli wote, kuna asubuhi nilipokuwa gwarideni nimeinua kidole changu nikaomba asitoke. Niliwaza kwamba sasa hivi wanamuuliza, na akisema tu neno moja, kwamba sahani ni za Mwalimu, gari litakuja shuleni. Nilimwogopa fundi kuliko nilivyowaogopa wao. Kengele ikilia niliruka. Niliacha kulala upande wa dirisha.

Gari halikuja. Fundi akaachiliwa bila kushtakiwa, Jumatatu moja tu hivi, akashushwa barabarani. Sahani hazikurudi, na sikuziulizia.

Alhamisi yake mke wake akaleta mwaliko. Siku ya Jumapili baada ya kanisa, Mwalimu na Mama waje kula, tumshukuru Mungu na tumshukuru Mwalimu kwa barua. Nilikataa. Nilisema nina kazi, nina homa, nina kila kitu. Mke wangu akaniambia maneno ya kwanza marefu katika mwezi mzima: "Utaenda. Na utakula."

Tulikwenda. Fundi alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, miguu imevimba mpaka viatu havikuingia, amevaa ndara zilizokatwa nyuma. Kilo zake zote zilikuwa zimekwenda. Alinisalimia kwa jina la kila siku, Mwalimu, na tukazungumza juu ya mvua na bei ya mbolea. Wanawake walikuwa ndani, tukisikia sufuria. Kisha akaitwa, chakula tayari, akainuka kwa taabu akachukua jagi na karai aninawishe mikono. Nilisema niache, nitanawa mwenyewe. Akasema, "Mgeni hajinawishi."

Akanimiminia maji. Alikuwa karibu nami kabisa, na alisema polepole, macho yake kwenye maji.

"Walinisomea ile taarifa yako. Yote. Hata sahihi walinionyesha."

Nilitaka kuvuta mikono. Aliendelea kumimina.

"Nikakubali ni zangu. Nikaona, wewe ukiingia humu hutatoka, Mwalimu. Wewe ni mtu wa Kati, na una mtoto. Mimi watachoka na mimi." Akaniongezea maji. "Mke wangu hajui. Usimwambie hata siku moja. Zile wiki zote alikuwa analala na kopi ya barua yako chini ya mto."

 Nilikuwa na maji mikononi na sikujua niyapeleke wapi. Akanipa taulo, tukaingia.

Kulikuwa na ugali na kuku mzima, walimchinja kwa ajili yangu. Kwao firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Haipewi mtoto, haipewi mwanamke, na mgeni haiombi. Mama wa nyumba aliitafuta kwenye mchuzi kwa mwiko, akaiona, akamtazama mume wake. Fundi akatikisa kichwa kukubali.

"Mpe Mwalimu," akasema.

Akaiweka kwenye sahani yangu kwa mikono miwili, akainama kidogo, machozi yakimlengalenga, akasema Mungu akubariki. Wote watatu walikuwa wananitazama. Nikaichukua, nikaitia mdomoni, nikaitafuna mpaka ikaisha.